Teremka kwa gia ya pili: barua zenu kuhusu Usambara

Toleo lililopita niligusia barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayopanda milima ya Usambara mkoani Tanga, niliyoipita na lori kwa miaka 26 nikiteremsha kabichi na karoti za Lukozi kuzipeleka Kariakoo. Nilizaliwa Soni, kwa hiyo hata kabla ya kushika usukani nilikuwa naijua kwa miguu. Barua zimekuja nyingi. Nimechukua sita, na majibu yake hayalingani urefu kwa kuwa maswali nayo hayalingani uzito.

Shikamoo Mzee. Mimi na mume wangu tumenunua gari letu la kwanza, dogo tu. Desemba tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu Lushoto. Ndugu wanatutisha, wanasema kona za Mombo si za dereva mgeni, tupande basi. Gari dogo linafika? Na njiani tusimame wapi? (Mama wa watatu, Kibaha)

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa gari. Linafika. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33, lami tupu. Magari madogo yanapanda na kushuka kila siku yamejaa abiria na magunia juu. Wanaowatisha hawajakosea kabisa, ila hofu yao wameiweka mahali si pake. Wanaogopa kupanda, na cha kuogopwa ni kushuka.

Mkipanda, gari lenyewe litawaambia linataka gia gani. Kazi yenu ni kupiga honi kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele, kubaki upande wenu hata kama barabara inaonekana tupu, na kutoshindana na basi. Basi likiwa nyuma yenu na haraka zake, tafuteni mahali papana, wekeni indiketa, lipite.

Kushuka ndiko nataka unisikilize, na mumeo umsomee. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa, ukingoni mwa tambarare. Mnateremka karibu mita 1,000 ndani ya hizo kilomita 33. Mwaka wangu wa pili kazini nilishuka na tani za kabichi, nikawa natoa gia ili niokoe mafuta, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Chini ya Soni nikaanza kusikia harufu, kama pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni, gari halikupungua mwendo hata kidogo. Utingo wangu alishafungua mlango aruke. Nikalilaza lori upande wa mlima, likakwaruza udongo kwa hatua labda thelathini ndipo likasimama. Ng'ambo ya pili ya barabara palikuwa na korongo. Tulikaa chini kwenye nyasi, yeye na mimi, hatukusemezana mpaka matairi yakaacha kufuka moshi.

Tangu siku ile nashuka na gia ileile ambayo ningepandia. Kwa gari lenu dogo ni ya pili, na mara mojamoja ya tatu panapolala. Mwache injini ishike gari. Breki iguseni na kuiachia, msiikalie. Kama gari linabadili gia lenyewe, sogezeni mkono wa gia kwenye L au 2. Mkisikia ile harufu niliyoieleza, simameni papo hapo penye nafasi, mpumzike nusu saa, na msimwagie tairi maji.

Sasa raha yenyewe. Ondokeni Kibaha saa kumi na mbili asubuhi ili mfike Mombo mchana na mpande kukiwa na mwanga. Kuanzia Korogwe mtaona mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama imepigwa kwa rula, na ukuta wa milima unakuja upande wa kulia. Pale Mombo waacheni watoto washuke walisikie joto. Halafu mkianza kupanda fungueni madirisha yote, wala msiwashe kiyoyozi. Wahesabishe kona mpaka watakapohisi hewa imebadilika. Mimi niliihisi kila safari mahali palepale, kabla kidogo ya Soni: shingo inapoa, na moshi wa kuni unaingia ndani ya gari pamoja na harufu ya udongo mbichi.

Soni msipite tu. Maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa barabarani, na kama siku hiyo ni ya gulio, egesheni gari mbali kidogo mtembee. Gulio ndilo shule ya milima hii. Wanawake wameteremka na vikapu tangu alfajiri, wengine kwa mwendo wa saa mbili na tatu. Nunueni peasi na mafyulisi kwa yule aliyeyabeba kichwani, na mkimpunja bei mjue mnapunja ile njia yote aliyotembea.

Lushoto laleni usiku mbili, si mmoja. Anayelala mmoja anaamka, anakimbilia mwamba wa Irente kupiga picha, anageuza gari. Siku zake mbili za barabarani, ya kwenda na ya kurudi, zitakuwa zimepotea bure.

Mzee, niende mwezi gani? (Msomaji, Singida)

Juni hadi Septemba kama unapenda kukavu, ila Juni na Julai chukua sweta mbili na soksi, baridi ya usiku si mchezo. Januari na Februari pia ni kuzuri na ukungu ni mdogo. Masika, yaani Machi mpaka Mei, lami haina shida lakini barabara za udongo za vijijini zinateleza kama zimepakwa sabuni, na maporomoko ya ardhi hutokea. Wa Kibaha anayekuja Desemba atakutana na mvua za vuli, hivyo atembee asubuhi mapema.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa historia, Morogoro. Nimesoma kwamba Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal. Nataka kupanga njia ya siku mbili ya kuona urithi wa kihistoria. Majengo gani ya Kijerumani yamebaki, na nianzie wapi?

Marahaba kijana wangu. Umesoma sawasawa. Jina lilikuwa hilo, na walipapenda kwa baridi yake. Ukizunguka mjini utayaona majengo ya enzi hizo na makanisa ya misheni, na Mlalo ilikuwa na kituo cha misheni tangu 1891. Hayo yatakuchukua nusu siku. Nusu nyingine na siku inayofuata nakuomba uwape wenye milima.

Anzia Vuga, si mbali na Soni. Hapo ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Wasambaa, wa ukoo wa Wakilindi. Nilipokuwa mtoto bibi yangu alinisimulia habari za Mbegha huku akimenya ndizi, na sijawahi kuisikia vizuri zaidi ya pale. Mbegha alitoka Nguu. Alikuwa kigego, meno ya juu yalimtoka kwanza, na ndugu zake wakamwona ni mkosi wakamfukuza. Akaingia milimani na mbwa wake, mwindaji wa nguruwe pori. Wenyeji walikuwa na vyakula vya shamba lakini nguruwe wanawamaliza mazao. Yeye akawaua nguruwe, akagawa nyama, akapewa chakula. Nyama kwa chakula, ndivyo urafiki ulivyoanza. Kisha akaua simba, na watu wakampa utawala na jina ambalo warithi wake wote walilibeba: Simba Mwene. Bibi alikuwa akifika hapo anaacha kumenya.

Mkubwa wao katika karne ya 19 ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfuata Vuga mwaka 1848, akarudi tena 1852. Kama unataka kuelewa mfalme yule alikuwa nini kwa watu wake, jifunze maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Mfalme mwenye nguvu ambaye hana wa kushindana naye ndiye aliyeleta mvua. Wakuu wawili wakigombana, mvua inapotea. Wazee wa kwetu hata leo wakizungumza juu ya ukame, sikiliza vizuri, wazo hilo bado limo.

Usitegemee kukuta kasri la mawe Vuga. Mji ule ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Utakachokikuta ni mgongo wa mlima wenyewe, na ukisimama pale utaelewa kwa nini waliuchagua: hakuna anayekuja bila kuonekana. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, omba mzee wa kukusimulia, na umpe kitu cha mkononi ukimaliza. Usipige picha mahali popote kabla ya kuuliza, kwa kuwa kuna sehemu ambazo kwao ni za heshima.

Siku ya pili nenda Irente, kama kilomita tano au sita kutoka Lushoto mjini. Tembea, kuna njia nzuri. Kila mtu huenda pale kutazama mandhari. Wewe nenda na swali. Kaa kwenye mwamba, mita mia kadhaa juu ya tambarare, mpaka macho yazoee. Utaona barabara kuu ya kwenda Moshi nyembamba kama uzi, reli kando yake, na mkonge wa Mazinde. Sasa kumbuka: baada ya Kimweri kufariki, mwanawe Semboja hakutaka kukaa Vuga. Alijiweka Mazinde, hapo chini miguuni pako, na Vuga akamweka mwanawe. Kwa nini mwana wa mfalme aache mlima wa baba yake akakae kwenye joto? Tazama barabara. Misafara ya biashara ilipita palepale inapopita leo malori, na aliyekaa kando yake ndiye aliyepata bunduki na bidhaa. Nguvu ilikuwa imeteremka kutoka mlimani kwenda tambarare, na milima ikaingia katika vita vya ndugu. Wajerumani walikuta nyumba imekwisha kupasuka. Mputa, mtawala wa Vuga, walimnyonga mwaka 1895. Reli waliyoianzia Tanga mwaka 1893 nayo ikapita chini hapohapo, ikafika Moshi mwaka 1911.

Nimekaa kwenye mwamba ule mara nyingi lori likiwa gereji, na kila mara Mazinde ndiyo inayonivuta macho. Ukirudi, pitia shamba la kanisa la Kilutheri pale Irente, wana jibini yao, mkate mweusi na jamu. Kula ukiwa umekaa kwenye nyasi, halafu uandike ulichokiona kabla hakijachanganyika na cha vitabuni.

Mzee wangu shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hamu yake ni kuona msitu na kuona mbali. Vijana wa kutembeza watalii wanataka tutembee siku tatu mpaka Mtae. Nifanyeje? (Binti wa kwanza, Tabata)

Marahaba binti yangu. Mpe mama salamu zangu, mwambie vyote viwili atavipata.

Ile safari ya miguu, Lushoto mpaka Mtae kwa kupitia Lukozi, Manolo na Sunga, ni nzuri mno kwa mwenye magoti mazima. Mama apande gari. Mtae ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto, na sehemu ya njia ni ya vumbi, hivyo kodisheni gari lililoinuka pamoja na dereva wa hukohuko. Ondokeni asubuhi. Barabara inapita Magamba, na pale msitu wa hifadhi unakuja mpaka ukingoni: miti mirefu yenye ndevu za kijani, ubaridi wa ghafla, na mkibahatika mbega weupe na weusi wanaruka juu. Mama hahitaji kupanda kilima kuuona msitu huo. Mshushe, mwekee kiti cha kukunja pembeni, zimeni injini, mkae dakika ishirini bila kuzungumza. Mkitaka kuingia ndani kuna malipo ya Wakala wa Huduma za Misitu, lipeni kwanza mpate risiti.

Kisha njia inapita mashamba ya mboga, matuta yamepangwa mpaka kwenye miinuko ambayo hungedhani mtu anaweza kusimama na jembe. Huko Lukozi ndiko nilikokuwa napakia. Nawapenda watu wale. Mkulima wa pale anabeba gunia la viazi mgongoni kutoka bondeni, anakushushia kwenye lori, anakuuliza watoto wako hawajambo.

Mtae imekaa kwenye ncha ya mlima, kama kijiji kimetandikwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Kulia bonde, kushoto bonde. Jioni mkalisheni mama akitazama kaskazini. Chini ni nyika ya Mkomazi inayokwenda mpaka Kenya, na siku isiyo na ukungu Kilimanjaro unajitokeza kwa mbali. Laleni hukohuko, au kijiji jirani cha Mambo, ili aone na asubuhi, maana alfajiri mawingu yanalala chini yenu.

Wale vijana usiwakatae. Mchukueni mmoja mwenye kitambulisho mwende naye ndani ya gari. Anajua majina ya miti na anamjua mwenye nyumba ya choo kizuri katikati ya safari, jambo ambalo kwa mtu wa miaka 71 ni kubwa kuliko maporomoko yoyote.

Salaam aleikum Mzee. Sisi vijana wanne wa Mombasa tuna gari na siku tatu tu. Lushoto twaona mbali. Kuna nini karibu? (Kisauni)

Waaleikum salaam wanangu. Nendeni Amani, Usambara ya Mashariki. Vukeni Horohoro mkiwa na karatasi za gari na bima ya kadi ya njano ya COMESA, mfike Tanga, kisha Muheza, na kutoka Muheza mwingie milimani. Barabara ya mwisho ni ya udongo na nyembamba, msiingie usiku.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, lakini kituo chake cha utafiti kilianza 1902, wakati wa Wajerumani, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama na vibao vyake. Juu kuna mashamba ya chai yaliyobanwa na msitu pande zote.

Mtafuteni mwongozaji awaonyeshe ua moja dogo. Wengi wameliona dirishani Ulaya, kwenye kikopo, bila kujua kwao ni wapi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwa watu wa kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake, ingawa siku hizi wameliingiza katika kundi la Streptocarpus. Linaota kwenye mwamba wenye kivuli karibu na maji. Inameni kabisa, magoti chini. Majani yana manyoya laini kama sikio la ndama, na petali ni za rangi ya zambarau iliyoiva, katikati vidoa viwili vya njano. Msing'oe hata jani. Limebaki katika vipande vichache vya msitu, na miamba hiyo ikikatiwa kivuli chake linakufa.

Mzee, tulipokuwa Lushoto mtoto alituletea kinyonga mwenye pembe kwenye fimbo, tukampa hela tukapiga picha. Mwanangu amempenda sana. Safari ijayo naweza kuja naye nyumbani? (Baba Junia, Dar es Salaam)

Hapana, ndugu yangu, na hata ile picha nakuomba usiirudie.

Baadhi ya vinyonga wa Usambara wako huku na si kwingine. Kundi lao wanasayansi wamelipa jina la Kinyongia, kwa neno letu wenyewe. Biashara yao kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba, na kumchukua mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Lakini hata sheria isingekuwepo: kinyonga aliyeshikwa tangu asubuhi, akapitishwa mikono ishirini juani, hanywi na hali. Nimewaona jioni, wameachwa pembeni mwa barabara, weusi kwa hofu, wamefumba macho. Na yule mtoto mwenye fimbo, kila noti anayopewa inamwambia kesho asiende shule.

Mwanao nitamwonyesha njia iliyo bora. Mlale Lushoto, na usiku saa mbili mwende na mwongozaji mwenye tochi kwenye njia ya pembezoni mwa msitu. Mwambie mtoto amulike ncha za matawi membamba, si shina. Kinyonga hulala mwishoni kabisa mwa tawi, ili nyoka akija tawi litikisike naye aamke. Akilala hupauka, kwa hiyo katika mwanga wa tochi anang'aa mweupe kati ya majani ya kijani, mkia umejikunja kama skrubu, pembe zimeelekea mbele. Mwache mtoto amhesabie vidole. Akimaliza azime tochi, amwache alale.